Watoto Wetu Uwanjani: Darasa au Umri?



Kila mwaka mavuno yakiisha na mashamba yakibaki wazi, viwanja vya Singida hujaa watoto. Shule hushindana na shule, kata na kata, na mitaa ya kanisa nayo huwakusanya watoto wa shule ya Jumapili pamoja na vijana wa TAYO kwa michezo. Ndipo swali moja hurudi, na kila mara hujibiwa upesi upesi kando ya kiwanja, filimbi ikiwa imekwisha kupulizwa: watoto hawa wapangwe kwa madarasa yao au kwa umri wao? Wako wanaoona kuwa hilo ni jambo la mwalimu wa michezo, wala halimhusu mtu mwingine. Sisi twaona ni swali la haki, tena la usalama wa miili ya watoto tuliokabidhiwa, na kwa ajili hiyo tumeona vema kuliandika kwa kirefu kidogo.

Kupanga kwa darasa ni rahisi, na hatuna budi kukiri faida yake. Mwalimu anayo orodha mkononi. Haulizi mengi, husoma majina tu. Watoto wa darasa moja wanajuana, wanapendana, wamezoea kuimba na kulima bustani pamoja, na anayevaa jezi ya darasa la tano hujiona mtu kati ya watu. Ingekuwa watoto wote wa darasa moja wamezaliwa mwaka mmoja, tusingekuwa na neno. Lakini tuwatazame walivyo.

Nchi yetu imewaingiza watoto shuleni kwa mafungu makubwa, na kila fungu lilichanganya wadogo na wakubwa. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, Elimu ya Msingi kwa Wote ilipofika mwaka 1977, walioitwa darasani hawakuwa wa miaka 7 peke yao. Walikuwamo na waliokwisha kuota ndevu. Ada ilipofutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi kuanza mwaka 2002, wanafunzi wa shule za msingi nchini walipanda kutoka kama milioni 4.8 mwaka 2001 hadi karibu milioni 8 mwaka 2006, na wengi wa hao wapya walikuwa wamechelewa miaka miwili, mitatu, hata mitano. Kwa wale wa miaka 11 hadi 18 ulianzishwa mpango wa MEMKWA, na waliofaulu huko waliingizwa katika madarasa ya kawaida. Ada za sekondari nazo ziliondolewa mwaka 2016. Mwaka 2021 serikali iliwaruhusu wasichana waliojifungua warudi masomoni, jambo tulilolifurahia. Basi leo katika kidato cha pili yumkini binti wa miaka 14 huketi dawati moja na mama wa mtoto. Ongeza na wanaokariri darasa kwa kushindwa mtihani wa darasa la nne. Nasi huku kwetu tunajua habari za mtoto wa mfugaji, anayefuata ng'ombe mpaka mdogo wake apate nguvu za kumpokea fimbo, ndipo yeye aende kuandikishwa.

Kwa hiyo katika darasa moja la sita twaweza kumpata mtoto wa miaka 11 na kijana wa miaka 15. Katika hesabu wako sawa, pengine mdogo amemzidi mkubwa. Uwanjani hawako sawa hata kidogo.

Wavulana wengi huanza kurefuka kwa kasi karibu na miaka 13 au 14, na wasichana huwatangulia kwa kama miaka miwili. Katika mwaka ule wa kukua sana mvulana aweza kuongezeka sentimita 8 hadi 10, na uzito na misuli vikafuata. Sasa tumfikirie mtoto wa kilo 30 akiufukuzia mpira, na kijana wa kilo 60 akija kwa kasi ile ile kutoka upande wa pili. Wakigongana, badiliko la mwendo linalompata mdogo ni mara mbili ya lile linalompata mkubwa. Mmoja hupepesuka kidogo na kuendelea, na mwenzake hurushwa nyuma. Hapo hakuna aliyefanya kosa. Hata mwamuzi hapigi filimbi, maana wote wawili waliufuata mpira kwa haki.

Tena viwanja vyetu mnavijua. Ardhi ya Singida wakati wa kiangazi ni ngumu kama sakafu, mawe yametokeza huku na huku, na watoto wengi hucheza miguu mitupu. Mtoto aangukaye huko haanguki juu ya majani. Karibu na ncha za mifupa yake mirefu iko sehemu laini ya gegedu, na hapo ndipo mfupa unapokulia. Sehemu hiyo ikiumia vibaya na isitibiwe ipasavyo, mkono waweza kupinda au mguu mmoja ukabaki mfupi. Kutoka vijiji vingine vyetu mpaka hospitali ya Mtakatifu Yohana Kilimatinde, au ya Mtakatifu Gaspar Itigi, ni safari ya saa nyingi, na mzazi asiye na nauli humpeleka mtoto kwa fundi wa kuunga mifupa aliye jirani. Wengine hupona vizuri, na wengine huishi na mkono uliopinda mpaka uzee wao, na ukiwauliza watakuambia ni mpira wa shule.

Twaona basi kosa liko wapi. Darasa ni kipimo cha mafundisho. Latueleza mtoto amefika wapi katika kusoma, wala halituelezi habari za mifupa yake. Apimaye alizeti kwa debe hachukui debe hilo hilo kupimia kitambaa. Na debe halina kosa, ila limepelekwa kwenye kazi isiyo yake. Wafugaji wetu hawasumbuki na jambo hili. Hakuna mzee wa Kinyaturu, wala Mtaturu, anayelaza ndama pamoja na mafahali. Ndama wana mahali pao, na asubuhi huchungwa karibu na nyumbani, na hakuna aliyewahi kuona kwamba fahali ametukanwa kwa kutengwa nao.

Lakini hapa yatupasa tusimame kidogo, maana fahali hasikii maneno na mtoto husikia. Yule kijana wa miaka 15 aliye darasa la sita hakuiba kitu. Alichunga ng'ombe za baba yake, au aliugua, au mama alifariki na yeye akalea wadogo zake. Amekubali aibu ya kukaa na watoto wadogo kwa sababu anataka kusoma. Siku ya michezo darasa lake linaitwa, naye anainuka, na mwalimu mbele ya watu wote anamwambia, “Wewe kaa, wewe ni kijeba.” Watoto wanacheka. Tunajua vijana walioacha shule kwa maneno machache kuliko hayo. Neno hilo lilikuwa la kuwataja wanaoingizwa kwa hila, waliopunguziwa miaka ili washinde. Siku hizi laangushwa juu ya kila aliyechelewa, na sisi twaona ni dhuluma kumwita mtoto jina la udanganyifu kwa ajili ya umaskini wa kwao.

Wanaotetea kupanga kwa darasa husema hivyo hivyo, na katika hilo wana haki. Kanuni inayomlinda mdogo kwa kumfukuza mkubwa imempunguzia mmoja maumivu na kumwongezea mwingine.

Wala shida hii si yetu peke yetu. Huko Marekani kuna mchezo wa lakrosi, unaochezwa kwa fimbo zenye wavu wa kudakia mpira, na wachezaji hugongana kwa nguvu. Hapa Afrika Mashariki waliutangulia wenzetu wa Uganda, waliokwenda Denver mwaka 2014 na kuwa nchi ya kwanza ya Afrika katika mashindano ya dunia ya mchezo huo. Wamarekani nao wamebishana sana kama watoto wapangwe kwa darasa au kwa umri, na chama chao cha taifa kimependekeza umri kwa ajili ya usalama. Ila kwao wako wazazi wenye fedha ambao humrudisha mtoto darasa moja nyuma kwa makusudi, awe mkubwa kuliko wenzake na aonekane na vyuo. Kwetu mtoto huchelewa kwa ufukara na kwao huchelewa kwa utajiri, lakini anayegongwa uwanjani ni yule yule mdogo. Tulipolitafakari hilo tuliona kwamba darasa halina unyofu kama linavyosifiwa, maana nalo mtu aweza kulichezea.

Je, umri ndio jibu? Sehemu kubwa, ndiyo. Lakini umri nao una mashaka yake mawili.

Shaka la kwanza ni kwamba watoto wawili waliozaliwa mwezi mmoja hawakui pamoja. Mmoja wa miaka 13 ameshavunja sauti, mwenziwe bado ni mtoto kabisa. Kwa sababu hiyo katika sehemu za New Zealand watoto wa raga wamepangwa kwa uzito, na mwaka 2015 vilabu kadhaa vya Uingereza vilianza kujaribu mashindano ya vijana waliopangwa kwa kadiri ya ukomavu wa mwili. Vijana waliokomaa mapema walisema wamelazimika kucheza kwa akili badala ya kutegemea kifua, na waliochelewa wakasema kwa mara ya kwanza walipata nafasi ya kuonyesha wanachokijua. Kumbe hata mkubwa alikuwa akiharibika kwa kucheza na wadogo.

Shaka la pili ni zito zaidi, nalo lagusa ofisi zetu za kanisa. Umri ni tarakimu, na tarakimu huandikwa na mtu.

Mwaka 2005 timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, Serengeti Boys, iliyokuwa imekwisha kupata nafasi ya kwenda Gambia kwenye fainali za Afrika, iliondolewa kwa ajili ya mchezaji aliyezidi umri. Mwaka 2017 timu ya jina hilo hilo ilikwenda fainali za Gabon kwa sababu Kongo Brazzaville iliondolewa kwa shauri la umri, mchezaji wake mmoja hakufika kwenye kipimo. Kwa hiyo taifa letu limelia kwa sheria hii na limeshangilia kwa sheria hii. Kipimo chenyewe ni picha ya kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI, ambayo FIFA iliianza katika Kombe la Dunia la vijana la mwaka 2009 huko Nigeria; ncha ya mfupa ikiwa imekwisha kuungana kabisa, kijana huhesabiwa amepita miaka 17. Wakubwa wa mpira wameona afadhali wauulize mfupa, maana karatasi zimewachosha.

Na karatasi hizo hutoka wapi? Nyingine hutoka kwetu. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa huletewa cheti cha ubatizo. Siku nyingine huja mzazi, mtu mwema kabisa, asiyekosa ibada, husalimu, huketi, kisha husema, “Mchungaji, ni miaka miwili tu. Haimdhuru mtu.” Kijana ana kipaji, mashindano ya UMITASHUMTA yamekaribia, wenzake wa mkoa jirani nao wamepunguziwa, na tangu Singida ipate timu za ligi kuu kila mzazi mwenye kijana mwenye mguu mzuri huota ndoto. Hatumdharau mzazi huyu. Katika nyumba isiyo na kitu, mguu wa kijana waweza kuwa ndilo shamba pekee lenye rutuba.

Hata hivyo neno lake la kwamba haimdhuru mtu si kweli, na yafaa tumwonyeshe kwa upole ni nani anayedhurika. Yuko mtoto wa upande wa pili atakayekutana naye, ambaye baba yake amemleta akiamini kuwa wote ni wa umri mmoja. Yuko mtoto wa kijiji hiki hiki ambaye umri wake ni halali na nafasi yake imechukuliwa. Huyo hakuna atakayemwambia kwa nini hakuchaguliwa, atadhani hana uwezo. Na yuko kijana mwenyewe. Siku moja ataandikishwa kitambulisho cha taifa, atafanya mitihani, ataajiriwa na kustaafu, na kila mahali ataulizwa tarehe ya kuzaliwa, naye atalazimika kukumbuka ni ipi aliyoitaja mara ya mwisho. Zaidi ya hayo atajua kwamba baba yake na kanisa lake walikaa pamoja mezani wakaandika uongo juu ya siku aliyozaliwa. Hatuoni ni kwa kinywa gani tutamfundisha kijana huyo habari za ukweli.

Tusichanganye uongo huo na kutojua. Bibi anayesema mtoto alizaliwa wakati wa kupura mtama, mwaka ule wa njaa ambapo watu waliuza mbuzi kwa debe la mahindi, hadanganyi. Anatoa ushuhuda wa kweli kwa kalenda aliyo nayo. Katibu wa parishi na aandike kama alivyoambiwa, na mbele ya mwaka aandike neno “takriban”. Neno hilo moja lina heshima kuliko tarehe kamili iliyobuniwa.

Basi tufanyeje? Maoni yetu ni kwamba tuache kutafuta kanuni moja kwa michezo yote, tuuangalie kwanza mchezo wenyewe. Pale miili isipogongana, darasa na libaki darasa. Kwaya, ngonjera, maswali ya Biblia, bao, mbio ambazo kila mmoja ana njia yake: huko kijana wa miaka 15 asimame na darasa lake, ashangiliwe nalo, akimbie ile zamu ya mwisho ya kijiti. Pale miili inapogongana, yaani mpira wa miguu kwanza kabisa, umri ndio utawale, na macho ya watu wazima yausahihishe umri. Na kijana aliyezidi asirudishwe nyumbani. Apewe mechi yake pamoja na wakubwa wenziwe wa madarasa yote, ichezwe saa ya jioni yenye watazamaji wengi, nayo ihesabiwe pointi za shule kama nyingine. Gharama yake ni saa moja zaidi na mwamuzi mmoja zaidi. Tukisema hatuna saa hiyo, tutakuwa tumekubali kwamba mtoto wa kilo 30 ndiye alipe deni la haraka yetu.

Katika Mwanzo sura ya 33, Esau akiwa na watu wake 400 alitaka wasafiri pamoja na nduguye. Yakobo akakataa kwa heshima, akasema watoto ni wachanga na wanyama wananyonyesha, yeye atakwenda polepole kwa mwendo wao. Yakobo alikuwa mfugaji, na hakuona aibu kusafiri kwa mwendo wa aliye mdhaifu katika msafara.

Watoto wenyewe, tukiwaangalia bila kuwasumbua, hufanya karibu hivyo hivyo. Katika chandimu jioni hakuna anayeuliza darasa. Wawili wakubwa husimama pande mbili, huchagua mmoja mmoja kwa zamu, mkubwa kwa mkubwa, mdogo kwa mdogo, na yule mdogo kabisa huambiwa akae karibu na goli. Katika kuvuta kamba nako, upande mmoja ukiwa mwepesi humwongeza mtu bila kikao. Watu wazima tunapofika na kombe na orodha ndipo busara hiyo hupotea.

Yako mambo mawili ambayo hatukuafikiana katika kuandika haya. La kwanza ni wasichana wa mpira wa pete. Kanuni za mchezo huo zakataza kugusana, na kwa sababu hiyo baadhi yetu walitaka wapangwe kwa darasa. Wengine wamewaona wakianguka chini ya goli mara nyingi mno. La pili ni mtoto mwenye miaka 14 halali lakini mwili wa miaka 11. Tumekubaliana tu kwamba aweza kushuka kucheza na wadogo ikiwa watu wazima wawili wasio wazazi wake wanaona yafaa, wala asipandishwe kwa wakubwa kwa kelele za baba aliye kando ya mstari. Halmashauri ya kanisa italizungumza kabla ya michezo ya mwaka huu, na kina mama waliolea watoto wengi waombwe wawepo.

Watakaoleta watoto siku ya michezo walete na kadi ya kliniki, hata ikiwa imechakaa. Na kama kadi ililiwa na mchwa, mtoto aje na bibi yake.